Je, Michezo ni Sanaa? Swali kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 umeyaweka mambo mawili katika somo moja, liitwalo Sanaa na Michezo. Mwalimu-mwanafunzi anayejiandaa kwenda kufundisha somo hilo hana budi kujiuliza: je, sanaa na michezo vimewekwa pamoja kwa sababu ni kitu kimoja, au kwa sababu ni jirani wanaosaidiana tu?

Huenda mtu akadhani kwamba swali hili ni la wanafalsafa, na kwamba mwalimu mwenye watoto wengi na mpira mmoja hana nafasi ya kulishughulikia. Sivyo. Swali hili humfuata mwalimu mpaka uwanjani, na hasa wakati wa kutoa alama. Mwalimu anayeshika kwamba michezo yote ni sanaa atampa alama nyingi mtoto anayekimbia kwa madaha ingawa amefika wa mwisho, na aliyefika wa kwanza atauliza, kwa haki, kosa lake ni lipi. Mwalimu anayeshika kwamba michezo haina sanaa yo yote atahesabu mabao na dakika tu, na mtoto mwenye mwendo mzuri, shabaha ya kufikiri na moyo wa kushirikiana hataonekana kabisa. Kwa vyo vyote vile, yuko mtoto atakayedhulumiwa. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu asimdhulumu hata mmoja.

Mifano yetu tutaichukua Lushoto na milima ya Usambara kwa jumla, na pengine mbali zaidi inapofaa. Katika milima hii ardhi tambarare ni adimu, na mara nyingi uwanja wa shule ni kipande kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Mahali pa namna hiyo mwalimu hawezi kungojea uwanja wa vitabuni. Yampasa ajue vema anachotaka kufundisha, ndipo apange namna ya kukifundisha pale alipo.

Maana ya maneno

Tuanze na lugha yetu. Katika Kiswahili tunasema kucheza mpira, kucheza bao, kucheza karata, na vile vile kucheza ngoma. Tamthilia nayo huitwa mchezo wa kuigiza. Kitenzi kimoja kinawachukua mchezaji wa mpira, mcheza ngoma na mwigizaji, kana kwamba wote ni ndugu wa baba mmoja. Tena watazamaji wakimwona mchezaji hodari humwita fundi, jina lile lile wanalompa mwashi au mshonaji aliyebobea katika kazi yake.

Hata hivyo lugha hutoa fununu, haitoi hukumu. Neno hilo hilo mchezo hutumika pia kwa maana ya mzaha, kama mzazi anapomwambia mwanawe aache mchezo na kushika kazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba vitu viwili ni kimoja kwa sababu tu vinaitwa kwa jina moja. Yafaa tutafute vigezo.

Kigezo cha kwanza ambacho watu wengi hukitaja ni ustadi. Bila shaka hakuna sanaa pasipo ustadi, lakini ustadi peke yake hautoshi. Kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu akapokewa Usambara kwa sababu ya ustadi wake wa kuwaua nguruwe walioharibu mashamba, mpaka mwisho akatawala huko Vuga. Ustadi wa Mbegha haukuwa na shaka. Lakini wenyeji walipompokea walithamini nyama waliyogawiwa na mazao yaliyookoka. Hawakukaa kitako kutazama jinsi alivyoinua mkuki. Huo ulikuwa ustadi wa kazi.

Ili ustadi uwe sanaa, hapana budi uongezwe mambo mawili. La kwanza ni umbo lililokusudiwa: msanii hupanga sauti, mwendo, rangi au maneno ili vitazamwe au visikilizwe kwa ajili ya umbo lenyewe. La pili ni maana: kazi ya sanaa yaweza kusema jambo fulani juu ya maisha, kama vile mapenzi, kifo, dhuluma au matumaini. Basi vigezo vyetu ni vitatu: ustadi, umbo na maana. Tutaipima michezo kwa vigezo hivyo.

Wanaosema michezo ni sanaa

Mtetezi mashuhuri wa rai hii ni C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad, ambaye mwaka 1963 alitoa kitabu kiitwacho Beyond a Boundary. James alidai kwamba mchezo wa kriketi ni sanaa kamili, na kwamba una haki ya kukaa safu moja na tamthilia na dansi. Hoja yake yaeleweka kwa urahisi. Katika kriketi mrushaji mmoja humkabili mpigaji mmoja, na kila mmoja anabeba matumaini ya upande wake mzima, kama wahusika wawili wanavyokabiliana jukwaani. Tena mwendo wa mchezaji hodari una umbo zuri ambalo jicho hulifurahia hata bila kuangalia hesabu ya mikimbio.

Mwingine aliyeviona vitu hivi kuwa ndugu ni Pierre de Coubertin wa Ufaransa, aliyeanzisha Michezo ya Olimpiki ya zama hizi. Kwa juhudi zake, kuanzia Michezo ya Stockholm mwaka 1912 hadi ya London mwaka 1948, medali za Olimpiki zilitolewa pia kwa usanifu wa majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Mwaka 1912 Coubertin mwenyewe alipata medali ya fasihi kwa shairi la kuusifu mchezo, alilolipeleka kwa majina ya kubuni. Lakini mwalimu atazame vizuri: medali hizo zilitolewa kwa kazi za sanaa zilizohusu michezo. Mkimbiaji alipewa medali yake kwa kukimbia, na mshairi akapewa yake kwa kutunga. Walikaribishwa katika nyumba moja, lakini kila mmoja alikuwa na chumba chake.

Hoja mbili za kupinga zisizo na nguvu

Wako wanaopinga kwa kusema kwamba michezo haiwezi kuwa sanaa kwa kuwa imefungwa na sheria. Hoja hii ni dhaifu. Ushairi wetu nao una sheria za vina na mizani, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo si sanaa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake mwaka 1954 alikiita Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sheria na sanaa zikakaa katika jalada moja. Na ajabu ya kupendeza ni kwamba jina la mshairi huyo leo limepewa uwanja wa michezo wa Arusha.

Wengine husema kwamba sanaa haina mashindano. Hili nalo si kweli katika nchi yetu. Kwa Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi vingi, na chama kinachovuta watazamaji wengi ndicho kinachoshinda. Katika mji wa Tanga, vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilijulikana kwa upinzani wao. Washairi nao hujibizana, na kila mmoja hutaka kumshinda mwenzake kwa hoja na kwa ufundi. Kwa hiyo kushindana hakuondoi sanaa.

Hoja yenye nguvu

Hoja yenye nguvu ni ile ya lengo. Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa wa Uingereza, David Best, aliigawa michezo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni michezo ambayo lengo lake laweza kutajwa bila kutaja namna ya kulifikia: kufunga bao, kufika wa kwanza, kurusha mkuki mbali. Fungu la pili ni michezo ambayo namna ya kutenda ndiyo lengo lenyewe, kama vile sarakasi za mashindano na kupiga mbizi kwa mitindo.

Mifano itatuonyesha tofauti. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alijulikana kwa mwendo usiopendeza. Alikimbia huku amekunja uso na kutikisa kichwa kama mtu anayeteseka. Hata hivyo, katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Hakuna mwamuzi aliyempunguzia hata nukta moja kwa ajili ya uso wake. Tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.2. Waliotazama waliona uzuri mkubwa katika ujasiri ule. Lakini lau angekimbia vibaya na kufika kwa muda ule ule, rekodi ingekuwa yake vile vile. Uzuri ulikuwapo, lakini haukuwa lengo.

Sasa tumtazame Nadia Comaneci wa Romania, ambaye mwaka 1976 huko Montreal, akiwa na umri wa miaka 14, alipewa alama 10 kamili. Ubao wa matokeo haukuwa umetayarishwa kuonyesha alama hiyo, hata ukaandika 1.00. Kwake namna ya kutenda ilikuwa ndiyo kila kitu. Basi mchezo wake ulitimiza vigezo viwili vya kwanza, yaani ustadi na umbo. Je, na maana? Hapa Best alisita, nasi pia yatupasa kusita. Kupinduka hewani hakusemi lo lote juu ya dhuluma wala matumaini. Kunapendeza, lakini hakuzungumzii jambo lililo nje yake.

Msomaji aweza kuuliza: mbona mbio za John Stephen Akhwari zimezungumza na dunia nzima? Katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968 Mtanzania huyo aliumia vibaya goti, akaendelea mpaka mwisho akiwa amefungwa bandeji, akafika wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakika tendo lile lilikuwa na maana kubwa. Lakini tufikiri: maana ile ilitoka wapi? Ilitoka katika ukweli wa maumivu yake. Kama tungeambiwa baadaye kwamba Akhwari hakuumia, bali aliigiza kuchechemea, tungejiona tumetapeliwa. Mwigizaji anayechechemea jukwaani, kinyume chake, hatumlaumu. Tunamsifu kwa sababu mguu wake ni mzima na bado ametuonyesha maumivu.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Sanaa huonyesha jambo kwa kulibuni. Mchezo hulifanya jambo lenyewe. Mwigizaji anayekufa jukwaani huinuka na kwenda kula chakula chake, lakini timu iliyoshindwa imeshindwa kweli, na hurudi nyumbani na kushindwa kwake. Ukweli huo ndio heshima ya michezo. Anayesema kwamba michezo si sanaa haishushi hadhi. Anaipa hadhi yake yenyewe.

Yaliyo mpakani

Yako mambo yanayokaa mpakani, nayo ni muhimu sana kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mfano ulio bora ni halaiki, ambayo wananchi wameizoea katika sherehe za taifa. Watoto wa halaiki hutumia viungo vya mwanamichezo: nguvu, wepesi, mizani ya mwili. Lakini hakuna mshindi wala mshindwa, na miili yao hupangwa ili itoe picha na ujumbe. Kwa vigezo vyetu, halaiki ni sanaa iliyoazima mwili wa michezo. Ngoma za jadi, kama mdumange wa Wasambaa, nazo hudai pumzi na nguvu kama mbio, lakini hakuna anayezipima kwa saa.

Basi jibu letu ni hili. Michezo mingi si sanaa, ingawa sanaa huchungulia ndani yake. Michezo michache huikaribia sanaa kwa umbo. Na yako matendo ya mwili ambayo ni sanaa kamili. Mwalimu hapaswi kuyachanganya yote, bali kwa kila tendo aulize swali linalolifaa: Je, limefikia lengo? Je, limetendwa kwa umbo zuri? Je, limesema nini?

Kipindi cha mfano

Kipindi hiki kimekusudiwa Darasa la Nne, nacho huchukua vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Vifaa ni vijiti viwili, kamba ndefu, debe au ngoma ndogo, na saa. Mahali ni uwanja wo wote uliopo. Penye mteremko, njia ya mbio ipangwe kuukata mteremko, kama mkulima achimbavyo matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watoto wasikimbizwe kuteremka. Ukungu ukiwa mzito au majani yakiwa na maji, mwalimu apunguze urefu wa mbio.

Hatua ya kwanza (dakika 20): Mbio za kijiti. Wanafunzi wagawanywe katika makundi yaliyo sawa, wavulana na wasichana pamoja. Mwalimu apime muda wa kila kundi na kuuandika. Kisha aulize: Tumejuaje nani ameshinda? Je, aliyekimbia kwa madaha ameongezewa kitu?

Hatua ya pili (dakika 20): Kuruka kamba kwa mdundo. Mwanafunzi mmoja apige debe, wawili wazungushe kamba, wengine waruke kwa zamu. Safari hii kundi litazame mambo mawili: idadi ya miruko, na jinsi mruko unavyokubaliana na mdundo. Wanafunzi wataanza kubishana wenyewe kwa wenyewe: yupi bora, aliyeruka mara 30 ovyo au aliyeruka mara 15 kwa kufuata mdundo? Mwalimu asiwakatize upesi. Ubishi huo ndio somo.

Hatua ya tatu (dakika 25): Igizo. Mwalimu awasimulie kwa ufupi habari za Akhwari, kisha kila kundi litunge igizo la dakika mbili linaloonyesha mwendo wake wa mwisho na watu waliokuwa wakimtazama. Wanafunzi watagundua kwamba sasa hawahitaji kasi. Wanahitaji kuchagua: nani aanguke, nani anyamaze, nani apige makofi, na lini.

Hatua ya nne (dakika 15): Majadiliano. Mwalimu aulize: Katika hatua ipi tulifanya jambo lenyewe, na katika hatua ipi tulilionyesha? Katika hatua ipi saa ilitusaidia, na katika ipi haikutusaidia? Watoto wa umri huu wataweza kujibu, mradi wameyatenda kwanza kwa miili yao.

Upimaji

Kutokana na yaliyoelezwa, upimaji nao hauna budi kufuata aina ya tendo. Katika mbio, mwalimu apime muda, lakini alinganishe muda wa mtoto na muda wake mwenyewe wa wiki zilizopita, maana shule ya msingi haichagui wanariadha wa taifa. Inamkuza kila mtoto. Katika kuruka kamba apime idadi na umbo, akiwa amewatangulia kuwaambia wanafunzi kila kimoja kina uzito gani. Katika igizo apime maana: je, watazamaji wameelewa na kuguswa?

Kwa utaratibu huu, mtoto asiye na kasi aweza kung'ara katika mdundo. Mwenye ulemavu wa miguu aweza kuwa mpiga debe ambaye kundi zima linamtegemea, au mtunzi wa igizo. Na mwenye mbio atapata sifa yake kamili bila kupunguziwa kwa ajili ya mkunjo wa uso. Mwalimu anayesukumwa na hamu ya ushindi katika mashindano ya shule huweza kuwachagua watoto kumi na mmoja wenye kasi na kuwaacha wengine kandokando ya uwanja, wakiokota mpira unaoporomoka bondeni. Watoto hao hujifunza jambo moja tu kwa mwaka mzima, nalo ni kwamba uwanja si wao.

Hitimisho

Tumeona kwamba lugha yetu huiweka michezo na sanaa chini ya kitenzi kimoja, lakini vigezo vya ustadi, umbo na maana huvitenganisha. Tumeona pia kwamba mchezo hufanya jambo la kweli, na sanaa hubuni jambo ili lionekane. Somo la Sanaa na Michezo lina vitu viwili vilivyo jirani, navyo hufundishwa vema zaidi pamoja, kwa sharti kwamba mwalimu ajue, kila anapopuliza filimbi, yuko upande gani wa mpaka.

Maswali ya kujadili

1. Taja michezo mitatu ya watoto inayochezwa kijijini kwenu, kwa mfano rede, mdako au chandimu. Ipime kila mmoja kwa vigezo vya ustadi, umbo na maana.
2. Mzazi analalamika kwamba mtoto wake aliyefika wa kwanza katika mbio amepewa alama sawa na mwenzake aliyefika wa tano. Utamjibuje, na je, ana haki?
3. "Ngoma inayoshindanishwa hugeuka kuwa mchezo." Jadili kauli hii ukitumia mfano wa Bagika na Bagalu.
4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Tatu katika shule ambayo uwanja wake wote una mteremko. Eleza utapima nini, na kwa nini.